Ukanda wa Ngozi Mbichi

Lori letu lilikuwa limeandikwa ubavuni, kwa rangi nyeupe na kwa mkono wangu mwenyewe: NAKURU – KAIRO – ULAYA. Herufi ya mwisho ilibanana kidogo kwa sababu ubao uliisha kabla ya Ulaya kuisha. Rafiki yangu Kalasinga alisimama nyuma yangu akitafuna karanga, akaitazama kazi yangu kwa muda.

"Hata hatujatoka gereji," akasema, "na Ulaya tayari hakuna nafasi."

Hiyo ilikuwa miaka ya Emajensi, wakati wa vita vya Mau Mau. Mtu wa Nakuru akiamka asubuhi aliuliza kwanza nani ameuawa, halafu ndipo akauliza chai. Lakini mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, mtu wa Maragoli niliyeletwa mjini na mjomba, darasa la nne sikulimaliza, na kazi yangu ilikuwa kupaka magari rangi kwenye gereji ya baba yake Kalasinga, nyuma ya stesheni ya reli. Kuchora herufi nilijua kuliko kuzisoma. Na nilikuwa na ramani. Ilikuwa karatasi iliyofungiwa bajia, imechanwa kwenye kitabu cha shule, Afrika nzima upande mmoja, na mafuta yamelowesha jangwa lote la Misri. Ukiweka kidole cha shahada pale Nakuru, ncha yake inagusa Kairo. Safari ya kidole kimoja tu. Baada ya Kairo kuna maji kidogo, halafu Ulaya. Nilimwonyesha kila mtu hesabu hiyo ya kidole, na hakuna aliyenipinga, labda kwa huruma.

Lori lilikuwa chakavu la jeshi ambalo baba yake Kalasinga alilinunua mnadani baada ya vita ili alikate vyuma. Sisi wawili tulimwomba asilikate. Mwaka mzima, kazi ikiisha, tulilala chini ya tumbo lake na spana. Mzee alisema likiwaka ataamini Mungu anapenda wajinga. Siku lilipowaka alilizunguka mara mbili na kilemba chake kizuri, akasema, "Basi nendeni. Lakini mtafute dereva. Nyinyi wawili mtaligonga kwenye mti wa kwanza."

Dereva tulikuwa naye. Alikuwa rafiki yetu wa tatu, Mkikuyu wa Bahati, aliyezaliwa kwenye laini za vibarua wa shamba la pareto na kulelewa humo na nyanya yake. Aliendesha lori la shamba kuleta pareto mjini, na akisubiri kupakua alikuja kukaa kwetu gerejini. Mtu mrefu, mpole wa maneno, mwenye mikono ya kushika usukani kama mtu anayeshika mtoto wa mwenzake.

Nataka nieleze mapema alivyokuwa, kwa sababu mimi na Kalasinga tulikuwa tunaenda Kairo, lakini yeye alikuwa anaenda Tororo, na Tororo ilimtosha. Kaka yake mkubwa alikuwa amepigwa risasi mlangoni pa banda la kukaushia maua ya pareto. Mwili uliachwa barabarani siku mbili, na vibarua wote, pamoja na nyanya yake, walipitishwa mbele yake kwa mstari ili waone. Wiki hiyo hiyo watu wa msituni walikuja kwa mlango wa nyuma wakamwambia dereva kwamba sasa ni zamu yake kula kiapo, na asipokula watamkata. Kisha bwana wa shamba akamwita akamwambia achukue mkuki awe homgadi, mlinzi wa upande wa serikali, na asipochukua atajulikana ni mtu wa upande gani.

"Nikibaki hapa nitauawa," alituambia, akifuta grisi kwenye vidole kimoja kimoja. "Kitu nisichojua ni nani atatangulia."

Mjomba wake alikuwa Tororo, kwenye kinu cha pamba, na kulikuwa na kazi. Kwa hiyo tulifanya mambo kwa utaratibu. Baba yake Kalasinga aliandika barua kwamba huyu ni dereva wake, anapeleka lori Tororo kuchukua mbao. Ofisi ikapiga muhuri. Pasibuku ya dereva, kile kitabu ambacho Mkikuyu hakuweza kusafiri bila hicho, ilikuwa safi. Karatasi zote zilikuwa za kweli, ila mbao tu ndizo hazikuwepo. Kalasinga alizisoma mara tatu akasema hata yeye sasa anaamini zile mbao.

Tulipaswa kuanza safari gerejini. Tukaanzia Bahati, kwa sababu nyanya yake alikataa mjukuu wake aondoke kama mtu anayefukuzwa. Tulimwita cucu sote watatu, kama yeye alivyomwita. Alikuwa mwanamke mdogo, mkavu, na alikuwa na beberu mmoja mwekundu ambaye alimficha ndani ya nyumba wakati wa kuhesabiwa mifugo.

Hapo ndipo penye ubaya. Siku hizo kuua mbuzi kwenye laini bila ruhusa lilikuwa kosa kubwa. Wazungu walikuwa wamesikia kwamba viapo huliwa kwa mbuzi, basi kila mbuzi aliyekufa akawa ni kiapo. Dereva alimsihi sana.

"Cucu, tuache. Tutakunywa uji, inatosha."

"Uji ni wa mgonjwa," akasema cucu. "Wewe ni mgonjwa?"

Jua lilikuwa limetoka tu. Mzee jirani alimlaza yule beberu nyuma ya ghala akamziba mdomo na pua kwa mikono miwili, kwa maana mbuzi wa baraka kwao hakatwi shingo, huzibwa pumzi, na hapigi kelele. Mimi nilipewa miguu ya nyuma nishike. Sijasahau mateke yale. Yalianza na nguvu ya kunitupa, halafu yakawa kama mtu anayekugusa tu akitaka kukuuliza kitu, halafu yakaisha. Nilipoinua uso nilikuwa nalia. Kalasinga aliniangalia akasema, "Huyu ndiye anataka kuvuka jangwa."

Cucu alichukua ngozi ya mguu wa mbele, wa kulia, akakata kanda tatu nyembamba zenye tundu katikati. Akamvalisha mjukuu wake mkono wa kulia. Kisha, bila kuulizwa, akamvalisha Kalasinga juu ya ile bangili yao ya chuma. Kisha mimi. Ngozi ilikuwa bado na joto na unyevu, manyoya mekundu nje. Akatutemea mate kidogo kifuani, mmoja mmoja, kama wazee wao wanavyobariki.

"Msiukate," akasema. "Uacheni uanguke wenyewe. Ukianguka wenyewe, mtu amefika."

Kalasinga alinyoosha mkono wake kuutazama. "Sasa nina mbili. Ya Mungu na ya mbuzi."

Hata cucu alicheka.

Tulipovuka miti ya misonobari ya mpaka wa shamba, dereva alisimamisha lori. Alitoa kisu mfukoni, akaukata ukanda wake, akaukunja na kuuweka chini ya jani kando ya barabara kama mtu anayezika. Macho yake yalikuwa makavu lakini taya lilikuwa linacheza.

"Toeni," akasema. "Sasa hivi. Askari akiona hii, hakuna barua itakayotusaidia."

Kalasinga alivua wake, kwa kuwa ulikuwa umelegea, akampa. Mimi nilikuwa nyuma kwenye magunia, na koti langu kubwa la jeshi lenye mikono inayofika kwenye vidole.

"Na wewe?" dereva akauliza.

"Nimeshatupa," nikasema.

"Umetupa?"

"Nimetupa kule kwenye miti."

Nilidanganya. Nitasema sababu ingawa ni ya kitoto. Mama yangu alikufa nikiwa sijaota meno ya pili, na katika maisha yangu hakuna mtu aliyewahi kuchinja hata kuku kwa ajili yangu. Mwanamke yule alikuwa na beberu mmoja tu duniani, na theluthi yake ilikuwa mkononi mwangu. Nilifikiri, Tororo ni leo jioni tu. Koti ni refu. Nani atajua?

Tukashuka Nakuru, tukapita mjini watu wakisoma ubavu wa lori na kutupungia. Tukatoka upande wa Rongai. Jua lilipanda. Kalasinga aliimba nyimbo za kwao, dereva akipiga honi mahali pa kiitikio, na mara ya kwanza kwa miezi mingi nikamwona akicheka kwa meno yote. Nilikaa juu ya magunia na ramani yangu. Lakini kitu kimoja sikukijua, mimi mtu wa rangi na brashi: ngozi mbichi ikikauka juani hukaza. Kufika saa tano ule ukanda ulikuwa umeshika mkono wangu kama mdomo wa mnyama. Nilijaribu kuuvua kimya kimya. Haukusogea hata kidogo, na kisu kilikuwa kwa dereva.

Kizuizi tulikikuta juu ya mlima, baada ya kona, mapipa na seng'enge katikati ya barabara. Juzi yake Mzungu mmoja wa shamba la karibu alikuwa amekatwakatwa pamoja na mpishi wake, na hasira ilikuwa bado mbichi pale. Kwenye mtaro walilazwa wanaume saba au wanane kifudifudi, mikono kisogoni. Mmoja wao hakuwa anapumua vizuri. Alikuwa anatoa sauti kama pampu ya baiskeli. Askari alikuwa anawatembea mgongoni kwa viatu, toka mwanzo mpaka mwisho na kurudi, kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

Mzungu wao alikuwa kijana, pengine mdogo kuliko mimi, wa polisi wa akiba, mikono imeungua jua, na bunduki fupi shingoni. Alisoma barua. Alisoma pasibuku. Kisha akasoma ubavu wa lori, na nilimwona akipigana na uso wake asicheke.

"Nani naandika hii?"

"Mimi, bwana."

"Wewe nataka kwenda Kairo?"

"Kama barabara iko, bwana."

"Barabara hapana iko," akasema, na kweli alicheka. Akamrudishia Kalasinga karatasi. Aliinua mkono askari wasogeze pipa.

Mpaka leo naliona lile pipa likisogea. Lilisogea kiasi cha hatua mbili. Kisha koplo akasema, "Afande, hatujapekua," na yule kijana akasema haya, upesi, na koplo akatuamuru tushuke tuinue mikono.

Niliinua mikono. Mikono ya koti ikateremka mpaka kwenye viwiko.

Dereva aliuona ule ukanda wakati ule ule koplo alipouona. Hakuniangalia kwa hasira. Aliniangalia kama mtu aliyeachiwa mlango wazi na mtoto, na ng'ombe wote wameshatoka.

Kitako cha bunduki kilinipata chini ya mbavu nikakaa chini bila kutaka. Cha pili kilimpata dereva kinywani. Kalasinga alipiga hatua mbele na karatasi zake akisema hawa ni watu wa baba yangu, muhuri huu hapa, na askari mmoja akampiga rungu la kichwa. Kilemba kilifunguka. Kitambaa kile kirefu kilianguka kwenye vumbi, upepo ukakiburuta mpaka kwenye seng'enge, kikanasa huko. Nywele zake zikashuka mgongoni. Nilikuwa namjua miaka mitatu na sijawahi kuziona. Alijifunika kichwa kwa mikono miwili akapiga magoti, na askari wakacheka sana, wakimwita mama.

"Nani nafungia wewe hii?" Mzungu akaniuliza.

"Nilinunua sokoni, bwana."

Akanipiga kofi.

"Ni dawa, bwana. Ya mkono kuuma."

Koplo akanipiga teke la paja. Nikajaribu kusema nimeiokota. Nilikuwa na uongo mwingi siku ile, lakini wote ulikuwa mfupi. Koplo alichomoa kisu cha bunduki akakipitisha kati ya ukanda na nyama ili aukate, na kwa kuwa hapakuwa na nafasi, alikata vyote viwili. Ukanda ulianguka. Haukuanguka wenyewe.

Kisha askari mmoja akachuchumaa karibu nami akaninong'oneza kwa Kimaragoli. Alikuwa mtu wa kwetu, mwenye umri wa baba, na sauti yake ilikuwa nzuri kabisa.

"Mwanangu, wewe si Mkikuyu. Kwa nini ufe na mambo ya watu? Sema ni nani, tukanywe chai."

Nilijua jibu lake lilikuwa wapi. Lilikuwa Bahati, nyuma ya ghala, likiosha damu kwenye jiwe. Wangefika kule kabla ya saa nane. Wangeikuta nyama. Wangechoma ile laini yote, na mwanamke yule wangemfanyia niliyoyaona yakifanywa kwenye mtaro. Nikatikisa kichwa.

"Haya," akasema mtu wa kwetu, akainuka, na hakuninong'oneza tena.

Waliniburuta mpaka nyuma ya lori letu. Waliuliza kazi yangu ni nini na mimi, mjinga, nikasema ukweli, nikasema ni mpaka rangi. Wakauweka mkono wangu wa kulia kwenye ukingo, pale ubao wa nyuma unapofungia, na koplo akaubamiza ubao. Ulikuwa ubao mzito. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeupaka rangi mara mbili. Sauti niliyotoa sikuijua. Mara ya kwanza vilivunjika vidole viwili, cha shahada na cha kati. Wakainua ubao tena.

Hapa sitaki kujipamba. Mara ya pili, kabla ubao haujashuka, mdomo wangu ulifunguka. Ulifunguka wenyewe, na ndani yake kulikuwa na neno, na neno lilikuwa cucu. Nilikuwa nimefika kwenye herufi ya kwanza.

"Ni mimi," dereva akasema.

Alikuwa amepiga magoti barabarani, damu inatoka kinywani. Akarudia kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba funguo.

"Mimi nilimvalisha. Mbuzi nilimnunua njiani. Huyu hajui kitu, ni mjinga, alifikiri ni urembo. Muulizeni hata Kairo iko wapi, hajui."

Mzungu akaniuliza Kairo iko wapi. Nilijaribu kuonyesha kwa kidole, kwa mazoea, na kidole kilikuwa kimegeukia upande. Akageuka.

Walimchukua dereva upande wa pili wa lori, upande wenye maandishi. Mimi nilikuwa chini, nikiona miguu tu kati ya magurudumu, viatu sita na miguu miwili iliyovuliwa viatu. Sikusikia akisema lolote. Nilisikia viatu, na kitu kikigonga ubao wa lori, tena na tena, hata lori likayumba kwenye springi zake. Waliporudi naye jicho lake la kushoto lilikuwa limefungwa na uvimbe wa ukubwa wa yai, na maji ya damu yalitoka chini yake. Walimtupa kwenye lori la polisi juu ya wale wa mtaroni. Alipopitishwa karibu nami aliinama kidogo.

"Nilikuuliza kama umetupa," akasema.

Alisema hivyo tu, bila ukali, kama mtu anayekwambia umesahau chumvi.

Kalasinga aliachiliwa siku ile. Alitoa kitambaa chake kwenye seng'enge uzi kwa uzi ili kisichanike, akakifunga kichwani hapo hapo mbele yao, polepole, akihakikisha kila mkunjo, nao hawakucheka tena. Kisha akaendesha lori peke yake mpaka Nakuru, yeye ambaye baba yake alisema ataligonga kwenye mti wa kwanza. Mimi waliniweka kituoni siku tisa. Walipokumbuka kwamba ni mpaka rangi, walinipa ndoo ya chokaa nipake mawe yaliyozunguka mlingoti wa bendera. Niliyapaka kwa mkono wa kushoto. Yalitoka vizuri.

Nilipotoka nilikwenda Bahati kwa miguu, mkono umefungwa kwa kitambaa. Laini ilikuwa bado imesimama. Cucu alikuwa anapepeta mahindi. Habari alikuwa ameshazipata, kwamba mjukuu wake amepelekwa kambi ya kizuizini huko chini kwenye joto, lakini hakuna aliyejua kwa nini. Alifikiri ni karatasi. Aliniuliza kama muhuri ulikuwa mbaya, nikasema ndiyo, muhuri ulikuwa mbaya.

Akanipa uji. Akaniangalia nikinywa.

"Na ngozi?" akauliza.

"Ilianguka, cucu."

"Yenyewe?"

"Yenyewe."

Alinyoosha mkono, akanikunjua kitambaa kidogo tu pale kwenye kifundo, ukanda ulipokuwa, akaweka kidole gumba juu ya kidonda. Kilikuwa bado hakijafunga. Alikaa hivyo kwa muda, kama daktari anayesikiliza mapigo. Kisha akakunja kitambaa vizuri kuliko kilivyokuwa.

"Basi umefika," akasema. "Ongeza uji."

Sijui alijua kiasi gani. Sikumwuliza, na mwezi uliofuata walipakia familia zote za ile laini kwenye behewa, wakawapeleka rizavu, kwenye maeneo yaliyotengewa Wakikuyu, na huko ndiko alikofia. Nafurahi kwamba sikumwambia. Nikifikiria jambo moja jema nililofanya mwaka ule, ni uongo ule.

Dereva alirudi baada ya miaka minne na miezi kadhaa. Aliingia gerejini mchana, akiwa na kofia, na nilimtambua kwa mikono kabla ya uso. Jicho la kushoto lilikuwa limekuwa jeupe. Kalasinga aliacha injini aliyokuwa anafungua akamkumbatia mpaka grisi ikahama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Baba yake mzee alituma chai na jalebi, akasimama mlangoni akijifanya anatafuta spana.

Lori lilikuwa bado nyuma ya ua, kuku wanatagia kwenye kiti cha mbele. Kalasinga alikataa kuliuza. Tulienda sote watatu kulitazama. Maandishi yangu yalikuwa yamefifia, ila pale katikati, kwenye KAIRO, rangi ilikuwa imebanduka kabisa na ubao umebonyea. Dereva alipapasa pale kwa kiganja.

Nilikuwa nimebeba maneno yangu miaka yote minne, nikayatoa bila mpango.

"Siku ile nilikuwa nimeshafungua mdomo," nikasema. "Nilikuwa namtaja cucu. Nilikuwa nimeanza."

"Nilikuona," akasema. "Ndiyo sababu niliharakisha."

Kuku mmoja alitoka dirishani akiwa na hasira zake.

"Na mimi," akaendelea, akiwa bado ameshika ubao, "upande huu hapa, nilimtaja mara mbili. Bahati yetu, meno yalikuwa yametoka, hawakusikia vizuri. Waliandika tu kwamba namlilia bibi."

Kalasinga alicheka kwanza, akaona aibu, akajaribu kuacha. Lakini dereva alikuwa naye anacheka, kwa mapengo yake yote, basi nami nikaanza, tukacheka tukiegemea lori kama walevi mpaka mzee akatoka kutuuliza kuna nini.

Dereva alifukuza kuku, akapanda, akakaa kwenye usukani. Aligeuza kichwa chote kulia na kushoto, kwa kuwa sasa lazima ageuze chote.

"Mpaka rangi," akaniita. "Tororo ni upande gani?"

Nikamwonyesha, kwa kile kidole cha shahada kilichovunjwa.

Alikitazama kwa jicho lake moja, jinsi kinavyokwenda mbele kidogo halafu kinakata kona.

"Hicho kinatupeleka Bahati," akasema. "Piga handeli, liwake."